Kahawa ya Kituruki kwa Mnywaji wa Chai

Wasikilizaji wetu wengi wa Bariadi, na wa Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni watu wa chai. Asubuhi sufuria huinjikwa, maji na maziwa hupikwa pamoja, majani na sukari hutiwa, na chai huachwa ichemke hata rangi yake ikolee. Mgeni akipiga hodi, huinjikwa nyingine. Si ajabu, basi, mtu aliyelelewa hivyo akinunua kahawa kwa fedha ya pamba yake, akaitokosa kwa njia ile ile aliyoizoea, kisha akaimwaga uani akisema kuwa ni dawa chungu. Fedha imepotea, na kahawa imesingiziwa. Leo twapenda kueleza jinsi ya kuipika kwa njia ya Kituruki, ambayo haitaki mashine wala chujio, ila subira kidogo.

Mti wa kahawa asili yake ni Uhabeshi. Kinywaji chenyewe kilienea kutoka Yemeni, na neno letu kahawa limetoka katika Kiarabu. Katika karne ya 16 Waturuki waliitawala Yemeni, na yapata mwaka 1555 nyumba za kunywea kahawa zilikuwa zimekwisha kufunguliwa katika mji wa Istanbul. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Lakini jambo moja litawafurahisha wanywaji wa chai: Waturuki wenyewe siku hizi hunywa chai nyingi kuliko kahawa, na huilima katika nchi ya Rize, kando ya Bahari Nyeusi. Mtu asidhani ya kuwa akijifunza hii hana budi kuiacha ile.

Simiyu, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ni nchi ya pamba, mtama, mahindi na ng'ombe. Kahawa hutujia kutoka mbali: arabika kutoka Kilimanjaro, Mbeya na Ruvuma, na robusta kutoka Kagera, ng'ambo ya Ziwa. Huko Kagera Wahaya wana desturi ya kale ya kutafuna buni iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri kisha ikakaushwa. Mgeni hupewa hiyo kwanza, kabla ya maneno. Kwa kazi yetu arabika ndiyo bora, kwa kuwa robusta ni chungu zaidi, na kafeini yake, yaani kitu kile kifukuzacho usingizi, ni nyingi. Wala msichanganye kahawa hii na ile ya pwani, ichemshwayo katika dele na kuuzwa kwa vikombe vidogo pamoja na kashata. Ile ni njia nyingine, nayo ina sifa zake.

Mwenye kupata buni mbichi na aikaange mwenyewe. Itiwe katika kikaango kikavu na kukorogwa pasipo kupumzika, hata ilie kama bisi na kuwa ya rangi ya hudhurungi. Ikiwa nyeusi kama mkaa, imekwisha haribika. Ipepetwe katika ungo ili ipoe na makapi yaondoke, kisha itwangwe. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu ya haraka. Kahawa ya Kituruki haichujwi; kwa hiyo yatakiwa iwe laini kama unga wa ngano, ichekechwe, na chenga zirudishwe kinuni. Kinu chenyewe kisiwe kile cha karanga, maana kahawa hushika harufu upesi mno.

Waturuki hutumia chombo kidogo cha shaba chenye kitako kipana, shingo nyembamba na mkono mrefu. Asiye nacho ataweza kutumia kopo dogo la bati lenye mkono, maadamu lisiwe pana sana mdomoni. Kwa kila mnywaji pimeni kikombe kidogo cha maji baridi, yapata mililita 65, na vijiko viwili vidogo vya unga, yaani gramu 7 hivi. Sukari, kwa aipendaye, hutiwa sasa; ukiitia baadaye itabidi kukoroga kikombeni, na kahawa yote itakuwa tope. Maziwa hayatiwi kabisa. Korogeni vizuri, kisha kijiko kiwekwe mbali.

Moto nao uwe mdogo. Mashina makavu ya pamba huwaka kwa ghafula na kuzimika kwa ghafula, hayafai. Vuteni makaa kando ya mafiga, myafunike kwa majivu kidogo, mkakiweke chombo juu yake. Baada ya dakika chache povu litaanza kupanda kutoka kandokando. Mpikaji wa chai, akiona hivyo, hungoja ichemke. Asingoje! Povu lile ni hewa iliyofungwa ndani ya kahawa wakati wa kukaangwa, na ikichemka povu hupasuka, harufu nzuri hutoka na mvuke, na uchungu ndio unaobaki. Kiondoeni chombo povu likaribiapo mdomo, gaweni povu kwanza kwa vikombe vyote, kisha mimineni iliyobaki polepole. Ngojeni kidogo unga ushuke chini. Mgeni hupewa na maji baridi ya kunywa, asafishe kinywa kabla ya kuionja.

Kikombe kimoja chatosha, tena si jioni, kwa asiyezoea. Watoto wasipewe, na mama mwenye mimba apunguze, kama vile madaktari wanavyoshauri. Tena kahawa na chai, zote mbili, zikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili usipate madini ya chuma yote yaliyomo katika mboga na maharage. Kwa hiyo afadhali mtu angoje yapata saa moja baada ya kula.

Mashapo ya chini hayanywewi. Waturuki wengine hukifunika kikombe juu ya kisahani na kuyatazama mashapo hayo kama watazamavyo ramli. Sisi twaona yafaa zaidi kwenye lundo la mbolea, karibu na bustani ya mchicha.