Muuguzi Naye Huugua

Muuguzi wa Kongwa aliyekesha katika wodi ya wazazi, mama mmoja akamfia mikononi kwa kutokwa na damu, kisha alfajiri akakabidhi zamu kana kwamba hapana lililojiri, ajua fika kwamba tiba ya nafsi ipo katika hospitali ya Mirembe, Dodoma mjini. Lakini huona haya kuliendea lango lile, kwani huenda daftari la wagonjwa likaandikwa na mtu aliyesoma naye chuoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kazini kama huu wake katika uainishaji wake wa maradhi, likiunasibisha na dhiki ya kazi ya muda mrefu isiyodhibitiwa. Naona ni dhuluma, basi, kumwita dhaifu mtu anayetaka kutibiwa kwa siri pasipo cheo chake kudhurika.