Sanduku la Wang'uru na Daftari la Madeni

Sisi watu wa pwani tunaijua Mwea kwa njia ya sinia. Pishori inayonukia mtaa mzima siku ya harusi au ya hitima, mara nyingi imetoka huko, katika majaruba yanayonyweshwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, chini ya Mlima Kenya. Mifereji ya mwanzo ilichimbwa miaka ya 1950 kwa mikono ya mahabusi wa wakati wa Hali ya Hatari. Lakini habari ya leo si ya mchele. Ni ya sanduku jeusi nililolikuta mezani katika duka moja la mchele mjini Wang'uru, na mwenye duka, mama wa makamo, akilitazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa aliyekata kauli.

Mle ndani mlikuwa na hesabu za misimu mitatu: nani kachukua magunia mangapi kwa mkopo, nani kalipa, nani bado. Waliosoma chuoni wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul-Baqara inayoamrisha deni liandikwe. Mama huyu si Mwislamu, ila aliandika. Shida ni kwamba aliandika mahali pamoja tu, na fundi mmoja alikwisha kumwambia kompyuta imekufa, anunue nyingine, na hii amwachie yeye akaitupe. Mimi si fundi, lakini mtu anayekuombea kukutupia mali yako humtia mtu shaka.

Akaitwa kijana wa saiba ya jirani. Alikuja na bisibisi, na kifutio cha penseli cha mtoto wa shule.

"Mama, kioo hiki hakina hesabu zako," alisema, akakiweka kando. Kumbe hilo ndilo kosa la wengi wetu. Kioo huonyesha tu, kama vile kibodi na kipanya vinavyopeleka maneno na amri. Vyote vitatu vyaweza kuvunjwa vipande na barua zako zisipotee hata herufi. Kosa la pili ni kuliita sanduku zima sipiyu. Hapo ndipo fundi mwenye tamaa hupata mwanya: ukimwambia "sipiyu imeharibika", atakuuzia sanduku zima, kumbe kilichoharibika ni kijitu kimoja.

Alipofungua ubavu wa sanduku, vumbi la makapi lilimwagika. Wang'uru ni mji wa vinu, na pangaboi dogo la kompyuta huvuta kila kinachoelea hewani. Basi tumia mfano wa kinu, msomaji, utaelewa upesi. Bamba kubwa la kijani lililolala ndani, madabodi, ni jengo lenyewe na njia zake. Kila kitu hukutana hapo. Chini ya pangaboi imekaa prosesa, ambayo ndiyo sipiyu ya kweli, kipande cha kukaa kiganjani. Hiyo ndiyo mashine ya kukobolea: ya kawaida siku hizi hupiga mapigo bilioni 3 au zaidi kwa sekunde moja. (Huko Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kimeanzishwa kiwanda kinachoshughulika na chipu, ukoo mmoja na hicho kipande. Tusidhani mambo haya ni ya Marekani na Taiwan peke yake.)

Ghala ni diski. Kilichowekwa humo hubaki hata stima ikikatika mwezi mzima. Lakini mashine ya kukobolea haifanyi kazi ghalani. Gunia hutolewa kwanza na kumwagwa sakafuni karibu na mashine. Sakafu hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda, mafundi huiita ramu. Ni ya haraka mno, ila umeme ukizimika hufagiliwa yote, na ndiyo sababu barua uliyoiandika saa nzima bila kuihifadhi hutoweka mara taa zinapozima. Kompyuta ya mezani ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ile ya bei ya chini, ilikuwa na ramu ya kilobaiti 16. Ya mama huyu ilikuwa na gigabaiti 8, yaani zaidi ya mara laki tano.

Pembeni kuna sanduku la umeme, linalopokea volti 240 za ukutani na kuzipunguza hadi 12, 5 na 3.3. Kijana alituonya hilo lisifunguliwe na asiyejua, kwani umeme hukaa ndani yake hata baada ya waya kuchomolewa. Na ile betri bapa kama shilingi? Hutunza saa.

Kijana akaiwasha. Kioo kikabaki giza, lakini sanduku likalia: pii, pii, pii.

"Iliyokufa hailii," akasema, na kwa mara ya kwanza mama alikaa kitini.

Alizima, akachomoa waya, akagusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiunguze kitu, kisha akang'oa kijibamba cha ramu. Ukingoni kina meno ya rangi ya dhahabu. Haya yalikuwa yamefubaa kwa vumbi na unyevu. Akayasugua polepole kwa kile kifutio, akapangusa, akakirudisha mpaka kikasema "ta". Kazi ya dakika kumi. Hesabu zenyewe hazikuwa zimeguswa na maradhi hayo hata kidogo. Zilikuwa ghalani muda wote.

Kioo kikawaka. Kabla ya kupokea ujira wake, kijana alinakili madeni yote kwenye flashi, akamkabidhi mama mkononi na kumwambia ailaze nyumbani, si dukani.

Mama alivaa miwani, akaanza kushuka na orodha kwa kidole. Akafika kwa jina moja la Mombasa, magunia 12, hayajalipwa tangu msimu uliopita. Akaitazama kofia yangu.

"Ustadhi, huyu unamjua?"

Nikamwambia namjua, tena tunaswali msikiti mmoja.