Weupe Uliogeuka Uwazi

Kivumishi cha Kiingereza "candid", ambacho wafasiri wengi hukiandikia "wazi" au "mkweli" bila kusita, hakikuhusu usemi hapo mwanzo, kwani kilitokana na neno la Kilatini "candidus", yaani cheupe kinachong'aa, lenye mzizi mmoja na jina la Kiingereza la mshumaa. Katika Roma ya kale, mtu aliyewania cheo cha umma alivaa toga, joho la raia, iliyosuguliwa kwa chaki ili imeremete mbele ya wapiga kura, akaitwa "candidatus", mvishwa weupe. Jina hilo la mgombea Kiingereza kinalo hadi leo, ingawa si wagombea wote wanaosifika kwa uwazi. Mswahili hana sababu ya kustaajabu, maana naye husema jambo limetendwa peupe, tena mchana kweupe.

Waingereza walilitumia neno "candid" katika karne ya 17 kwa weupe wenyewe, kisha kwa usafi wa moyo, na hapo ndipo penye mtego. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inamtaja mwenye sifa hii kuwa mtu asiye na kijicho, asiyetaka kuwatafutia wenzake makosa. Jane Austen, katika riwaya yake Pride and Prejudice ya mwaka 1813, anampa sifa hiyo Jane Bennet, ambaye huwadhania watu wote mema. Msomaji akidhani binti huyo anasifiwa kwa kutoa yaliyo moyoni atapotea, kwa kuwa Jane huzificha hisia zake kiasi cha kukaribia kumkosa mchumba.

Siku hizi "candid" ni yule asemaye kweli bila kuipamba, hasa kweli inayomgusa yeye mwenyewe, na kwa hiyo anatofautiana kidogo na msema ovyo asiyejali anamuumiza nani. Kwa wapiga picha, neno hilo hutaja picha ya mtu ambaye hakujiandaa kupigwa. Mwaka 1948 Mmarekani Allen Funt alianzisha kipindi cha televisheni kilichokuja kuitwa Candid Camera, na kamera hiyo ya uwazi ilikuwa imefichwa, kwa kuwa uwazi uliotafutwa ulikuwa wa anayepigwa picha, wala si wa mpigaji.