Kisangani: Mtumbwi wa gogo moja una sifa, lakini mnunuzi aukague kwanza

KISANGANI – Mtumbwi mkuukuu ni mali kwa mvuvi wa Tshopo, mradi mbao yake iwe bado nzima.

Pale Wagenya, kwenye poromoko la mwisho kati ya saba ya Boyoma, wavuvi hutega vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli, vilivyofungwa kwenye nguzo za miti katikati ya maji makali. Chombo cha kazi hiyo lazima kistahimili kugonga mawe.

Sifa ya mtumbwi wa gogo moja inatokana na kutokuwa na maungio. Boti ya mbao zilizopigiliwa misumari huanza kuvuja pale mbao zinapokutana, hivyo huzibwa mara kwa mara.

Hata hivyo, gogo nalo huzeeka. Jua kali hulipasua kwenye ncha, na maji yakituama ndani, tumbo huoza. Kiraka cha bati huzuia maji kwa muda tu, na chaweza kuficha uozo.

Boti ya faiba haiozi kama mti. Lakini ikipasuliwa na jiwe, hutengenezwa kwa resini na nyuzi za kioo, si kwa bati na misumari.

Anayenunua mtumbwi uliotumika aupindue, augonge kila mahali na kuuchoma kwa ncha ya kisu. Mlio mkavu ni dalili njema. Kisu kikizama kirahisi, asinunue: katikati ya mto, ufa mdogo hugharimu maisha.