PICHA YA UBONGO YAFICHUA UGONJWA WA KURITHI

Yako magonjwa ambayo mtoto huzaliwa nayo. Leo tujifunze mmoja. Ni wa nadra. Madaktari huuita glutariki asiduria.

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Mara nyingi kichwa chake ni kikubwa kuliko kawaida. Mwili wake hauwezi kutumia vizuri sehemu ya vyakula vya kujenga mwili, kama maziwa, maharage na nyama. Mabaki yake huwa sumu inayodhuru ubongo. Akipata homa au kuharisha, hali huweza kubadilika ghafla. Viungo hukakamaa au kujipinda. Asiposaidiwa mapema huweza kulemaa maisha yake yote.

Je, ugonjwa hutambuliwaje? Madaktari hupima mkojo na damu. Pia hupiga picha ya ubongo kwa mashine. Picha huonyesha nafasi pana zenye maji kando ya ubongo. Wakati mwingine huonyesha damu, na wazazi wamepata kushukiwa kuwa wamempiga mtoto. Kumbe ni ugonjwa.

Huko Pennsylvania, Marekani, wakulima Waamish wanaolima kwa farasi walikuwa na watoto wengi wenye ugonjwa huu. Watoto hao walihesabiwa kuwa walemavu tu. Mwaka 1989 Daktari Holmes Morton na mkewe Caroline walianzisha kliniki kwa ajili yao. Wakulima walijenga jengo lake kwa mikono yao. Watoto waliogunduliwa mapema walipewa chakula maalumu na dawa. Walipougua waliwahishiwa maji ya sukari kwa mshipa. Wengi waliepuka ulemavu.

Ugonjwa huu si uchawi wala laana. Baba na mama, wote wazima, huwa wamebeba kasoro hiyo. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Mama asilaumiwe.

Mzazi wa Tengeru, Ngaramtoni au Usa River, fanya haya:

1. Mpeleke mtoto kliniki. Omba kichwa kipimwe.
2. Usimwachishe ziwa bila ushauri wa mganga.
3. Akiwa na homa au akiharisha, akakataa kunyonya au akakakamaa, wahi zahanati. Usingoje kesho.
4. Eleza kama ndugu zake walilemaa au kufa wakiwa wachanga.

Akihitaji uchunguzi zaidi, ataandikiwa kwenda Hospitali ya Mount Meru, Arusha, au KCMC, Moshi.

Maswali ya kujadili darasani:
Kwa nini mama asilaumiwe? Mtoto akikakamaa usiku, kijiji chetu kitamfikishaje zahanati?