Skeli na bei ya treni za mfano

Treni za mfano ni nakala ndogo za treni halisi zinazotengenezwa kwa uwiano maalumu unaoitwa skeli. Kwa kawaida treni ya skeli kubwa huuzwa ghali kuliko ya skeli ndogo, hata kama zote mbili zinaiga kichwa kilekile cha treni. Sababu inayofikiriwa kwanza ni wingi wa malighafi, lakini hiyo ni sehemu tu ya gharama. Idadi ya nakala zinazotengenezwa na kazi inayoingia katika kila nakala huathiri bei zaidi.

Maana ya skeli

Skeli ya 1:87 inamaanisha kwamba sentimita 1 ya mfano inawakilisha sentimita 87 za treni halisi. Hivyo namba ya pili ikipungua, treni ya mfano huwa kubwa zaidi. Skeli zinazojulikana sana ni hizi:

- Z (1:220), upana wa reli milimita 6.5
- N (1:160), upana wa reli milimita 9
- H0 (1:87), upana wa reli milimita 16.5
- 0 (1:43.5 hadi 1:48, kutegemea nchi), upana wa reli milimita 32
- 1 (1:32), upana wa reli milimita 45
- G (1:22.5), upana wa reli milimita 45

Tano za kwanza huiga hasa reli ya milimita 1435, ambayo ndiyo ya kawaida Ulaya na Marekani, na ndiyo ya SGR za Kenya na Tanzania. Skeli ya G hutumia reli ileile ya milimita 45, lakini kwa kuiga reli nyembamba ya mita 1, kama ile ya zamani ya Afrika Mashariki.

Majina haya yana historia. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha huko Leipzig treni za kuchezea zenye mfumo wa reli, na ukubwa wake ukapewa namba. Baadaye ukubwa ulio chini ya namba 1 uliitwa 0, na ule wa nusu yake ukaitwa H0, yaani "nusu ya sifuri".

Hesabu ya ukubwa

Behewa halisi la abiria lenye urefu wa mita 26.4 huwa na sentimita 16.5 katika skeli ya N, sentimita 30.3 katika H0 na sentimita 82.5 katika skeli ya 1. Kutoka H0 hadi skeli ya 1, urefu huongezeka takriban mara 2.7. Upana na kimo navyo huongezeka kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo eneo la kupakwa rangi huongezeka zaidi ya mara 7, na ujazo mara 20 hivi.

Hata hivyo, bei haipandi mara 20. Behewa la mfano ni tupu ndani, na kuta zake haziongezeki unene kwa uwiano uleule. Tena plastiki yenyewe ni sehemu ndogo ya bei.

Gharama ya kalibu na idadi ya nakala

Sehemu nyingi za treni hizi hutengenezwa kwa kalibu za chuma, yaani vyombo ambamo plastiki au metali iliyoyeyushwa huingizwa ili ipate umbo. Kuchora na kuchonga kalibu hugharimu fedha nyingi kabla ya treni ya kwanza kuuzwa, na gharama hiyo hugawanywa kwa nakala zote.

Kwa mfano, tuchukue kwamba kalibu za kichwa kimoja zinagharimu shilingi milioni 100. Zikitengenezwa nakala 10,000, kila moja hubeba shilingi 10,000 za kalibu. Zikitengenezwa nakala 500 tu, kila moja hubeba shilingi 200,000.

H0 ndiyo skeli yenye wanunuzi wengi zaidi duniani, na N huifuata. Skeli ya 1 ina wanunuzi wachache, kwa hiyo kila mmoja hulipia sehemu kubwa zaidi ya maandalizi. Zaidi ya hayo, kalibu kubwa huhitaji chuma kingi na mashine kubwa.

Vipengele na kazi ya mikono

Ribiti yenye kichwa cha milimita 25 huwa na milimita 0.16 katika N, karibu milimita 0.3 katika H0 na karibu milimita 0.8 katika skeli ya 1. Katika N si rahisi kuiona, na ikikosekana hakuna anayelalamika. Katika skeli ya 1 inaonekana wazi, pamoja na mabomba, vishikio, taa na viti vya dereva. Vipengele hivyo hutengenezwa kimoja kimoja na vingi hufungwa kwa mkono.

Treni kubwa pia huhitaji mota na giya zenye nguvu, kifaa cha umeme chenye uwezo mkubwa, na nafasi zaidi ghalani na katika usafirishaji. Zile za G mara nyingi huwekwa bustanini, hivyo hazina budi kustahimili mvua na jua.

Pale kanuni isipofuatwa

Udogo wenyewe unaweza kupandisha bei. Skeli ya Z, iliyoanzishwa na Märklin mwaka 1972, huhitaji mota na giya ndogo mno zenye usahihi mkubwa, na ina wanunuzi wachache kuliko N. Kwa hiyo kichwa cha Z kinaweza kuwa ghali kuliko cha H0. Kwa upande mwingine, treni kubwa ya plastiki iliyokusudiwa watoto inaweza kuwa rahisi kuliko kichwa cha H0 kilichoundwa kwa mkono.

Pia bei ya treni moja si gharama ya reli nzima. Kilomita 1 ya reli halisi huhitaji mita 6.25 katika N, mita 11.5 katika H0 na mita 31.25 katika skeli ya 1. Chumba kilekile hutosha treni moja au mbili kubwa, au reli ndefu ya N yenye stesheni, madaraja na treni nyingi. Mwenye N anaweza kulipa kidogo kwa kila behewa, na mwishowe akatumia fedha nyingi kuliko mwenye skeli ya 1.