Deni la Kamari Katika Vikundi vya Akina Mama

Katika mitaa ya Kongo, Mchikichini na Msimbazi, Kariakoo, akina mama wafanyao biashara ndogo hutegemeana kwa upatu na kwa vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA. Fedha huhesabiwa mbele ya wote, na sanduku hufungwa kwa makufuli matatu ambayo funguo zake hushikwa na watu watatu. Utaratibu huo huzuia wizi, kamari hauizuii.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 huruhusu kamari kwa leseni, na siku hizi huchezwa hata kwa simu, pale pale penye meza ya biashara. Aliyezama humo akipoteza fedha, huona dawa ni kucheza tena ili azirudishe. Mtaji ukiisha, hufuata fedha za upatu.

Hapo kikundi chaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwaibisha mkutanoni na kumfukuza. Wenzake wenye shida hiyo hujifunza kuficha. Ya pili ni kumkopesha tena kwa huruma. Mkopo huo huweza kuishia katika kamari.

Wachezaji wanaosaidiana kuacha walianzisha chama cha Gamblers Anonymous mjini Los Angeles, Marekani, mwaka 1957. Kwa miaka mingi wanaume ndio waliokuwa wengi humo, na baadaye akina mama wakafungua mikutano yao wenyewe ili waseme kwa uhuru. Yasemwayo hayatoki nje, na chama hakimlipii mtu deni lake.

Kanuni hizo mbili zafaa Kariakoo. Kikundi kichague akina mama wawili wasikivu wa kuonana na mwenye shida faraghani. Deni lipangiwe malipo madogo ya kila wiki. Kwa ridhaa yake, zamu yake ya upatu ilipwe moja kwa moja shuleni au kwa mwuzaji wa jumla, naye asishike ufunguo kwa muda. Katibu aandike kiasi cha deni na tarehe za malipo. Chanzo chake hakina haja ya kuingia daftarini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mgonjwa hufichua maradhi yake pale tu apatapo msiri.